Jino la Shemeji

Mama Sumaku, kama walivyomwita wenzake wa maabara, alikuwa amechoka hadi kope. Tangu asubuhi macho yake yalikuwa kwenye skrini, na skrini haikumwonyesha ila mstari uliovurugika kama nywele zisizochanwa.

Jino lililovunjwavunjwa na kutiwa mashineni lilikuwa la shemeji yake, mume wa mdogo wake. Yule bwana ni mkata vyuma chakavu. Alipasua kisanduku kizito bila kujua kuwa ndani yake mna kitu cha mionzi. Sasa daktari alitaka kujua mionzi iliyompitia ni kiasi gani, kwani dawa kali aliyomwandalia ingeweza kumuumiza bure asiyeihitaji. Bahati nzuri, baada ya ajali hiyo jino moja bovu liling'olewa. Mionzi ikipita kwenye jino huacha elektroni pweke, zilizopotewa na wenzao, na sumaku kubwa pamoja na mawimbi ya mikrowevu huzifanya ziitike. Zikiwa chache, mwitiko wao humezwa na kelele za mashine.

"Shem, jino langu linasemaje?" Shemeji alichungulia mlangoni.

"Linanung'unika tu."

"Basi limemuiga mdogo wako."

Alicheka bila sauti. "Kaa kwenye benchi, shem. Unanitia kizunguzungu."

Alikuwa ameongeza nguvu ya mawimbi, lakini mstari ukazidi kufifia. Elektroni zikiharakishwa mno hazipati nafasi ya kupumua. Akaipunguza. Akaiachia mashine irudie kipimo na kujumlisha, irudie na kujumlisha. Lakini kelele ni bahili: ukitaka ipungue nusu, urudie mara nne. Mwishowe kikainuka kilima. Kinene, kipana, kimejaa skrini nzima.

Akakitambua. Hicho hakikutoka kwenye gamba gumu la nje la jino. Kilitoka sehemu ya ndani, ambayo hupiga kelele hata kama haijaguswa na mionzi.

"Ujinga wangu mwenyewe," alinong'ona. Jino lilikuwa dogo, kwa hiyo alipolivunja aliona uchungu kutupa hata chembe. Alidhani wingi ndio nguvu.

Akamwaga chembe chini ya lenzi. Nyeupe zenye kung'aa akaziacha, za manjano akazitoa kwa kibano, moja moja, bega likiwaka moto.

"Unalitupa jino langu?" Shemeji alikuwa amesimama tena mlangoni.

"Natupa lile linalopiga domo."

"Na litakalobaki?"

"Kidogo, ila lenye adabu."

Kilichobaki kilifunika kwa shida tu kitako cha kichupa. Mashine ikaanza kurudia upya. Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili wakati kile kilima kilipolala, na ubavuni mwake kikachomoza kijino chembamba, kilichonyooka: alama ya mionzi yenyewe. Akakilinganisha na unga wa jino jingine uliopigwa mionzi ya kiasi kinachojulikana. Cha shemeji kilikuwa kidogo zaidi, kwa mbali.

Akampigia daktari simu. "Mionzi ipo, daktari, lakini ni kidogo. Hata nikiongeza makosa yote yanayowezekana ya kipimo, haifikii kiwango cha kuhitaji ile dawa."

Upande wa pili daktari alishusha pumzi ndefu.

"Kwa hiyo nirudi kazini?" Shemeji aliuliza.

"Kwa hiyo urudi hospitali, waendelee kukuangalia damu."

"Ah! Hata pole hakuna?"

"Pole nitakupa kesho, leo sina." Alijaribu kuinuka, akashindwa. "Nipe mkono, shem. Miguu imekufa ganzi."

Akamvuta, akayumba naye, wakaegemeana pale kando ya sumaku.