Nusu ya Vema

Kwa penseli nyekundu na vidole viwili, mwanamke huyu alikagua Maandiko ya Kiebrania miaka ishirini na sita. Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Bi Rejea, kwa sababu kazi yake ilikuwa zile namba ndogo za pembeni mwa ukurasa, zinazomtoa msomaji kwenye ahadi na kumpeleka mahali ilipotimia. Mungu akiahidi, Bi Rejea alichora pale mstari mfupi wa kushuka, nusu ya alama ya vema. Kidole cha kushoto kikabaki hapo, cha kulia kikaenda kutafuta utimizo. Akiupata, alirudi akachora mstari wa kupanda, vema ikakamilika. Watu husema ahadi ni deni, kisha huenda zao. Yeye alifuatilia.

Katika chumba cha kazi alikaa na mpanga kurasa, mtani wake wa siku nyingi, mwanamume mwenye kipara na mdomo usiopumzika.

"Mtani, leo Mungu kafaulu ngapi?"

"Kumi na nne kwa kumi na nne. Wewe umekosea tisa."

Walipoanza toleo jipya, daktari wa macho alimwambia ukweli: macho yalikuwa yanakufa, na mwaka mmoja yangeumaliza kwa shida. Kitabu kilihitaji mwaka na nusu. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, akione kitabu hicho kimechapwa. Kwa hiyo akanyamaza. Angesema, msimamizi angempa cheti cha shukrani na kumrudisha nyumbani.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kufikia mwezi wa kumi wa kazi hiyo namba zilikuwa ukungu mtupu, naye akawa anaweka vema kwa kichwa. Kichwa kilikuwa kizima, tusimsingizie. Tabu ni kwamba kilisoma kilichopaswa kuandikwa, si kilichoandikwa.

Mpanga kurasa ndiye aliyegundua, alipopitia kurasa kabla ya kuzipeleka mtamboni. Yusufu, akifa huko Misri, aliwaambia ndugu zake kwamba Mungu atawarudisha katika nchi aliyowaahidi baba zao, akawaapisha waichukue mifupa yake. Rejea ya pembeni ilimpeleka msomaji Yoshua kumi na nne, aya ya thelathini na mbili. Kando yake ilikaa vema nyekundu, nzima.

"Mtani, Yoshua kumi na nne ina aya ngapi?"

"Kumi na tano," akajibu papo hapo. "Kwa nini?"

"Basi Yusufu wako bado yuko njiani na jeneza lake. Ilitakiwa ishirini na nne. Umeipitisha."

Bi Rejea akaisogeza karatasi mpaka ikamgusa pua. Hakuona kitu. Mwanamume yule akaacha utani.

"Tangu lini?"

"Miezi minne sasa. Nilikuwa nakisia."

Aliona aibu kuliko alivyoogopa. Kesho yake alijipeleka mwenyewe kwa msimamizi, akadai vema zake zote zikaguliwe upya. Kwa miezi minane mpanga kurasa alimsomea namba moja moja, yeye akikubali au akikataa. Yalipatikana makosa mengine saba. Walipofika kwa Musa, aliyepandishwa mlimani akaonyeshwa nchi yote kisha akaambiwa hataingia, Bi Rejea alisema, "Hapa kila toleo namkasirikia Mungu." Mtani wake akamsomea namba iliyofuata.

Kitabu kilipotoka, alikuwa haoni hata dirisha. Mpanga kurasa alimpelekea nyumbani nakala ya kwanza, akamwekea mapajani. Alinusa gundi, akapapasa mgongo wa kitabu.

"Nitafutie Yusufu."

Mtani akafungua, akampa penseli nyekundu, akamshika mkono, akauweka pembeni mwa aya. Bi Rejea akachora mstari wa kushuka, akaacha kidole hapo.

"Rejea?"

"Yoshua ishirini na nne, thelathini na mbili."

"Nenda kule, nisomee."

Akamsomea jinsi mifupa ilivyozikwa Shekemu, katika shamba lililonunuliwa na baba yake Yusufu.

"Musa alionyeshwa, hakufika," Bi Rejea akasema. "Mimi nimefika, sikuonyeshwa. Nani kapunjwa zaidi?"

"Sijui, mtani."

Akarudishwa kwenye ahadi, akachora mstari wa kupanda. Ulianza mbali na mwenzake, ukavuka maandishi, ukatoka ukurasani na kuishia kwenye kidole gumba cha mpanga kurasa.

"Imekaa?"

"Imekaa," akasema yule mwanamume, ambaye kwa miezi minane hakuwa amempitishia kosa hata moja.