Cherehani Tuliyoipokea kwa Vigelegele

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Ilula hata watoto wa shule wakipita kwenye meza yangu ya nyanya wanasukumana wakicheka, na nikiwauliza mnacheka nini wanasema hakuna kitu, mama. Kipo, na ninakijua.

Upendo, binti wa kaka yangu, alikuwa anaolewa Makongolosi kule kwa wachimba dhahabu, na kwa kuwa ni fundi cherehani sisi akina mama tukachanga tumnunulie cherehani ya umeme aende nayo, afungue kiofisi chake, asikae kumwangalia mume usoni kila akitaka chumvi. Hela nikashika mimi, shangazi mtu. Mama yake, yaani wifi yangu, akasema, "Wifi, twende Iringa mjini dukani, tuikague kwanza." Mimi nikaona huyu ananifundisha maisha, nikamjibu mbele za watu kwamba wenzake wananunua kwa simu, yeye abaki na mambo yake ya zamani. (Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe, maana ukishatamka maneno kama yale unarudije nyuma?)

Nilikuwa nimeiona moja mtandaoni, inang'aa hiyo, bei nusu ya dukani, muuzaji yuko Mbeya. Nikampigia. Kijana akaanza na "Kamwene, mama," salamu yetu kabisa, akaniuliza habari za mvua, za shamba, mpaka nikasahau kwamba simjui, nikasema moyoni Mhehe mwenzangu hawezi kunila. Nikatuma. Kwenye simu likatokea jina la mwanamke. Nikauliza, akasema hiyo laini ya mke wangu. Mara akapiga tena, mzigo umeshapakiwa ila kuna kahela ka bima, nikatuma na hako, tena kutoka kwenye mtaji wangu wa nyanya. Na huyo ndiye mimi, ambaye abiria akinyoosha mkono dirishani achukue ndoo ya nyanya siiachii mpaka nishike noti, hata basi likianza kuondoka nakimbia nalo.

Akanipa na namba ya basi, na kweli basi lenyewe nalijua, linapita hapa kila siku likielekea Dar. Sasa ningeenda kupokea kimya kimya ningepona. Wapi! Nikawaambia akina mama wavae vitenge vya sare, ngoma ije, tuipokee zawadi barabarani tuicheze mpaka ukumbini kwenye sherehe ya kumuaga Upendo, ili wifi aone. Basi lilipotokea tukajaa barabarani na vigelegele, likasimama, konda akashuka mbio akidhani kuna ajali.

"Leta mzigo wetu," nikamwambia.

"Mzigo gani, mama?"

"Cherehani. Umekabidhiwa Mbeya, mkononi."

Akasema hajakabidhiwa chochote. Nikamwita mwizi. Nikasema basi haliondoki, nikaketi chini mbele ya tairi na kitenge changu cha sare, huku abiria wamejaa madirishani na simu zao wananirekodi. Konda wa watu akafungua buti akatoa vitu vyote chini, magunia ya mchele, ndizi, mpaka godoro la mtu. Wenzangu wakaacha kupiga ngoma mmoja mmoja. Nikampigia Mhehe mwenzangu, simu haipatikani.

Konda akaniangalia vizuri, akanitambua. "Mama, si wewe juzi ulininyima nyanya mpaka nikupe hela kwanza? Huyo wa Mbeya mbona hukumnyima?"

Basi zima likacheka. Video yenyewe ilifika Makongolosi kabla ya bibi harusi.

Jioni ukumbini mshereheshaji akaita zawadi ya akina mama. Nilikuwa nimejikunja kwenye kiti, natamani ardhi ipasuke. Wifi akainuka, akatoka nje, akarudi na vijana wawili wamebeba cherehani yake mwenyewe, ile ya miguu anayoshonea watu sare za shule, iliyomlisha huyo Upendo tangu baba yake afariki. Akamkabidhi mwanawe. Hakugeuza shingo upande wangu, na mimi nikalia, watu wakadhani ni furaha ya shangazi.

Niliona aibu sana, na bado ninaona, kwa sababu tangu siku ile wifi anaomba cherehani za watu ili ashone. Nimedunduliza hela za nyanya, na wiki iliyopita nikampeleka Iringa mjini dukani nimnunulie cherehani nyingine. Mwenye duka akasema zimeisha, "ila lipieni tu, mama zangu, kesho zinafika, nitawapakilia kwenye basi."

Wifi akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu sherehe nikamwona anazuia kicheko. "Haya wifi, toa hela."

Nilizokuwa nimeshazitoa nikazirudisha kifuani, nikavuta benchi nikakaa. Nikamwambia mwenye duka tuna ndugu Kihesa, tutalala huko, na kesho nitakuja kuibeba mwenyewe, hata kichwani.