Muuza Chumvi na Simu ya Benki

Muuza chumvi wa Chapwa hanunui gunia la chumvi kutoka Ivuna kabla hajachovya kidole na kulamba, hata kama aliyelileta ni shemeji yake. Asubuhi moja simu yake ikaita. "Shikamoo mama, napiga kutoka benki. Samahani sana kwa usumbufu, akaunti yako ina hitilafu. Naomba unitajie namba ya siri tuirekebishe." Sauti ilikuwa laini kama ya kijana aliyekuja kuposa. Alimsikiliza huku akifuta mikono kwenye kitenge. "Mwanangu, benki yangu haijawahi kuniomba radhi," akasema, akakata. Hata hivyo wasiwasi ulimbana, akaenda mwenyewe tawini kuhakikisha. Karani, bila kuinua macho, akamwambia, "Kakae kule, usubiri." Akakaa, na moyo wake ukatulia kabisa.