Mume Wangu Hakuwa Mvivu

Mume wangu hakufa kwa ulevi, na mvivu hakuwa. Alikuwa fundi rangi, na kuta alizopaka hazina alama ya brashi hata leo.

Aliteleza jukwaani, ghorofa ya pili, akadaka bomba kwa mkono wa kulia. Mkono ulimwokoa, lakini ulivutwa mpaka mishipa ya fahamu ikang'oka shingoni. Tangu siku hiyo ulining'inia kama taulo. Hilo tulilizoea. Lililotushinda ni kichwa: akisimama kinapasuka, akilala kinatulia. Basi akawa mtu wa kulala mchana kutwa.

Jirani yetu hana dogo. "Shemeji, naona fundi kaoa godoro! Pole kwa mke mwenza."

"Chunga la kwako," nilimjibu, lakini maneno yake yalinichoma.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mzee, mchana unalala?"

Kabla hajafungua mdomo nikamjibia: "Mume wangu si mtu wa kulala mchana."

Mume wangu alinitazama, akamwonyesha daktari bega. Wakapiga picha za bega, wakampa vidonge vya maumivu. Tulimeza vidonge hivyo miezi mitano.

Mwezi wa sita tulipata daktari mwingine, binti mdogo kuliko wanangu. Alimhoji nikiwa kwenye foleni ya dawa, naye akasema kweli. Siku hiyohiyo wakamdunga mgongoni dawa inayong'aa kwenye picha, wakainamisha kitanda ili ipande hadi shingoni, wakampitisha kwenye mashine. Daktari alituonyesha kwenye skrini: uti wa mgongo katikati ya maji yake meupe, na pale mishipa ilipong'oka, kifuko kimechomoza pembeni, kama ncha ya kidole.

"Mama, maji yanayobeba ubongo yanavujia hapa. Akisimama, ubongo unashuka. Mbona hamkusema kwamba akilala anapata nafuu?"

Mume wangu akawahi: "Nilisahau mimi, daktari."

Tundu lilikuwa limejulikana, wakapanga kuliziba Jumatatu. Lakini ubongo ulioshuka muda wote ule ulikuwa umekata vijishipa, na damu ilikuwa ikijikusanya ndani ya fuvu. Jumamosi nilimpelekea uji, nikamwita mara tatu. Hakuamka.

Wanangu huniuliza yule daktari wa kwanza alikosea wapi. Hakukosea. Aliuliza swali sahihi, akajibiwa uongo, na aliyemjibu nimekwisha kumtaja. Zaidi ya hapo sisemi, na mtu asije kubisha hodi kwangu kuniuliza.