Gari la Kuvuta Waya Darini

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. La, nimekosea. Mwaka wa mafuriko yule shemeji wa fundi alikuwa bado anatembea bila kuegemea kitu. Basi ni ule uliofuata, mwaka walipopewa kazi ya kutia taa kwenye ukumbi, ndipo fundi umeme waliyemwita Kinyonga alipolivuta tena lile gari kutoka chini ya kitanda.

Lilikuwa gari la kuchezea, la betri na rimoti, ila kwao halikuwa mchezo. Kinyonga na shemeji yake, kaka wa mkewe, walilifunga kamba nyuma na kuliendesha juu ya dari mpaka litokee upande wa pili. Kisha kamba ile ndiyo iliyovuta waya. Mbao za dari hazimbebi mtu. Hilo shemeji alifundishwa na nyonga yake mwenyewe, siku gari lilipozimika katikati, kamba ikanasa msumarini, naye akatambaa kulifuata. Dari ikaachia. Tangu hapo alitembea kwa mkongojo, na gari likafungiwa kwenye boksi lake, hakuna aliyeligusa.

Shemeji hakugombana na mtu. Alisema tu, kila alipoketi kwa kuugulia, "Gari lako lile, shemeji, lina roho mbaya." Kinyonga aliinamia waya zake, maana rimoti siku ile ilikuwa mkononi mwake.

Sasa dari ya ukumbi ilikuwa ndefu, kavu kama biskuti. Wakalijaribu gari kwanza nyumbani, sakafuni, likiburuta kamba. Likaenda kidogo, likasitasita, likasimama. Ukilizima na kuliwasha linakwenda tena, halafu linasimama.

"Unaona?" akasema shemeji. "Ndiyo tabia yake. Kesho napanda mwenyewe."

"Na mkongojo, au utauacha chini ukusubiri?" akauliza dada yake, mkewe Kinyonga, akiweka vikombe mezani.

"Dari haina meno, dada."

"Ilikutafuna nyonga." Akamgeukia mumewe. "Baba watoto, litengeneze hilo gari. Huyu akianguka mara ya pili, mimi simwogeshi tena."

Kinyonga akavuta kigoda. Ndani ya gari kuna kidhibiti, kijisanduku kinachopeleka moto wa betri kwenye mota kwa kipimo. Betri ikichoka, kidhibiti hukata moto ili isiharibike. Kwa hiyo likizimika, mtu wa kwanza kulaumiwa ni betri. Akaipima kwa mita. Imeshiba. Akapima seli moja moja, zote sawa kama mapacha.

"Basi hiyo kinga yake izime," akasema shemeji. "Kuna kitufe pale. Kibonyeze, ikome kukata."

"Betri ivimbe juu ya mbao kavu? Tumeitwa kuwasha taa za ukumbi, hatukuitwa kuwasha ukumbi."

Mkewe akacheka, shemeji akakunja uso.

Akaliinua gari, tairi zikazunguka hewani bila kukatika. Akalirudisha chini, likakata. Ugonjwa ulikuwa kwenye mzigo. Akamwomba mkewe alikandamize gari sakafuni huku yeye akikaza rimoti na kusoma mita. Kwenye betri, nguvu ilishuka kidogo tu. Akahamishia ncha za mita upande wa kidhibiti, na namba zikaporomoka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani.

Moto ulikuwa unapotea njiani. Na njia ilikuwa waya tu.

Akachana tepu. Alipouona waya wa ndani, akausogeza karibu na taa. Ulikuwa waya wa kengele ya mlango, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Yeye mwenyewe, alipoisogeza betri nyuma ili tairi zishike vizuri, aliunga waya mnene, akauchomelea kwa risasi iliyoyeyushwa. Ule mnene haukuwepo. Mtu aliuchomoa akatia huu, akafunga tepu juu yake kwa utaratibu kabisa.

Na boksi halikufunguliwa tangu siku ile ya kuanguka; basi waya ulibadilishwa kabla yake.

"Vipi?" akauliza mkewe.

"Nimepata," akasema, na sauti yake akaisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

Akaunga waya mnene mpya. Kesho yake gari lilivuka dari ya ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta bila kusita, na shemeji alisimama chini na mkongojo wake, kichwa juu, akilifuata kwa masikio mpaka lilipotokea. Hakuna aliyepanda.

Jioni Kinyonga aliuweka ule waya mwembamba mezani, katikati ya vikombe vitatu. Akawaeleza polepole kama ilivyo desturi yake: betri siku ile ilikuwa nzima, kidhibiti hakikukosea, ni waya huu ulioizuia nguvu isifike. Na chini ya kile kitanda, gari lilipolala hata kabla ya siku ile, hakuna mkono uliofika ila mikono iliyo hapa mezani.

Mkewe akakitazama kikombe chake. Shemeji akainyoosha nyonga kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuinuka, asiinuke.

"Simtafuti wa kumfunga," akasema Kinyonga. "Nataka kujua tu. Waya wangu aliutoa nani?"