Anayeuliza Mpaka Abiria Akumbuke

Saa tatu asubuhi, foleni imefika mlangoni. Mama Maswali, kama wenzake wa uwanja wa ndege walivyombatiza, hana pupa. Sanduku liko kwenye mizani, kidole chake kiko juu ya kitufe cha kusogeza mkanda wa mizigo, lakini hakibonyezi.

Anamwamkia mwenye sanduku, bibi mwenye koti jipya, kisha anamuuliza kama amebeba gesi, petroli, viberiti au betri za kuchajia simu. Bibi anatikisa kichwa. Anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua, anasema, na humo mna nguo za mtoto na unga wa uji tu.

Mwingine angebonyeza. Mama Maswali anatabasamu.

"Hongera kwa kupata mjukuu, mama. Sasa huo uji utaupikia nini?"

Uso wa bibi unachanua. "Nina jiko langu dogo, mwanangu. Na mtungi wake nimeujaza jana."

Foleni inaguna. Bibi anainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa. Mama Maswali anatoka nyuma ya kaunta, anamsogeza pembeni na kumsaidia kufungua sanduku. Jiko na mtungi anapewa kijana wake aliyemsindikiza. Bibi anaagwa kwa heshima zote.

"Yule hakudanganya," anasema Mama Maswali baadaye, akinywa chai katika chumba cha wafanyakazi. "Kwake mtungi ni chombo cha jikoni. Ukimtajia vitu vya hatari, yeye anawaza mabomu."

Hakuanza hivyo. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akisoma maswali kama kasuku, na abiria wakijibu "hapana" kabla hajamaliza.

Kilichombadilisha ni mkono wa mumewe, mpakiaji wa mizigo uwanjani hapohapo. Begi lililopokelewa kaunta nyingine lilianza kufuka moshi akiwa amelibeba kuelekea kwenye ndege. Ndani mlikuwa na betri ambayo mwenyewe hakuitaja. Alilitupa kwenye lami, lakini kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeshaungua.

Mkewe alimlisha kwa majuma kadhaa, naye, mtu wa utani, akilalamika kwamba anabaniwa matonge.

"Ndipo nilipoelewa kwamba ule mkanda hauishii ukutani," anasema Mama Maswali. "Unaishia mikononi mwa baba watoto wangu. Kazi hii ukiilipua, nayo inakulipua."

Uangalifu huo ulimletea maneno. Msimamizi wake alimwonya kwamba foleni yake inakwenda mwendo wa kobe. Alisikiliza, akaitikia, akaendelea kuuliza. Baadaye msimamizi mwenyewe aligundua kuwa mabegi yanayorudishwa na wakaguzi ni nadra kutoka kaunta yake.

Mumewe, aliyerejea kazini na kovu lake, hafichi fahari. "Begi likitoka kwa mke wangu," anasema, "nalipokea kama mtoto wa ndugu yangu."

Mwezi ujao Mama Maswali ataanza kuwafundisha wafanyakazi wapya. Wengine wanadhani atawaanzishia kwenye kaunta. Yeye ana mpango wake.

"Nitawashusha kwanza kule chini, wawasalimie wapakiaji, wawajue kwa sura, wataniwe kidogo," anasema, akirekebisha skafu yake ili arudi kazini. "Mtu ukishacheka naye, huwezi kumpelekea moto."