Taa ya Upande wa Meru

Bei ya kahawa iliposhuka hadi haikulipa hata dawa ya kunyunyizia, mwanangu wa pekee aling'oa mibuni yangu bila kuniuliza, eti apande nyanya. Nilitoka kanisani nikakuta mashina yamelala. Nilimfokea, akapanda pikapu yake akashuka Arusha. Mama yake alishatangulia kwa Mungu. Pale Machame nikabaki mimi na ng'ombe.

Kwetu, aliyekukosea akija na jani la sale mkononi humfukuzi, hata kama alikuchomea nyumba. Nikajisemea, Krismasi kila Mchagga anapanda nyumbani, naye atakuja na sale lake. Nikanunua mbuzi, nikamfunga bandani.

Basi Desemba ile, giza likiingia, ikatokea taa upande wa Meru, mlima wa kule Arusha. Moja tu, nyeupe, inashuka taratibu. Huku mlimani usiku huwezi kujua mbingu inaishia wapi na barabara inaanzia wapi. Na pikapu ya mwanangu ilikuwa chongo, taa moja. Nikabandika chai. Taa ikazama, nikasema sasa yuko Boma Ng'ombe. Nikangoja mpaka chai ikapoa. Kesho yake vilevile, na jioni zilizofuata. Upweke ule usikie tu kwa mwenzio.

Binti wa jirani, mwalimu wa sayansi, alinikuta getini.

"Shikamoo babu. Unamngoja nani?"

Nikamwonyesha taa. Alitaka kucheka, akaacha.

"Ile ni Zuhura, babu. Ni sayari, inamulikwa na jua. Kila siku inazama baada ya jua kuzama. Itapotea kidogo, halafu utaiona alfajiri, upande wa Kibosho, jua linakochomoza."

"Nenda kafundishe watoto," nilimjibu. Lakini kweli, gari gani halikati kona?

Krismasi ikapita. Mbuzi sikumchinja, ningemla na nani? Taa nayo ikapotea. Halafu alfajiri moja, nikienda kumkatia ng'ombe majani, nikaiona upande wa Kibosho, ileile. Nilisimama pale na panga langu nikalia. Sayari imerudi. Mwanangu ana kiburi, amekirithi kwangu, hatarudi.

Nikakata sale kwenye uzio wangu mwenyewe. Baba kumpelekea mtoto sale, wazee wangenicheka mwaka mzima, na wacheke. Nikapanda basi la Arusha.

Stendi kijana wa teksi akanipokea mfuko.

"Mzee, nikupeleke mtaa gani?"

Nilikuwa na jani mkononi. Mtaa sikuujua.